Sanamu Nilizozing'oa Masikio

Nianze na watu ninaowadharau, maana dharau ndiyo shule niliyosomea.

Nawadharau wenye nyumba kubwa za Milimani wanaoweka kiboko wa mawe ya Kisii juu ya meza ya kioo, kisha wakajiita wapenda sanaa. Nawadharau wenye baa za ufuoni walioshusha mabango yaliyochorwa kwa brashi, yale ya sato mwenye meno ya binadamu akimkonyeza mteja, wakatundika turubai lililochapishwa kwa mashine, lenye picha ya samaki ambaye hajawahi kuonekana katika ziwa letu. Nawadharau vijana wa rika langu wanaojipiga picha mbele ya turubai hilo. Na katika kundi la mtandaoni la wakusanyaji nililojiunga nalo, ambamo watu hugombana wiki nzima juu ya kibao cha kinyozi, nawadharau wote isipokuwa mmoja. Huyo nitamfikia.

Sikusomea sanaa. Nilisomea kutengeneza friji, tena sikumaliza. Mengine yote nilijifundisha kwenye simu, nikinakili katika daftari kwa mwandiko ambao nikikosea herufi moja nachana ukurasa. Nimechana kurasa nyingi kuliko nilizobakisha. Watu husema ukamilifu ni sifa. Kwangu ni kama kuwashwa mahali mkono haufiki.

Ndivyo nilivyoifahamu tiki. Asili yake ni sanamu za miungu na mababu katika visiwa vya Pasifiki, nyuso za mbao zenye vinywa wazi. Wamarekani wenye baa wakazinakili bila kuzielewa, wakatengeneza vikombe vyenye nyuso, viti vyenye nyuso, hata taa. Wasomi wakazicheka. Miaka ikapita, waliozicheka wakaanza kuzitafuta na kuzifungia kwenye makabati ya vioo. Nilipolisoma hilo nilisisimka kuliko ninavyopenda kukiri. Kumbe mtu anaweza kukusanya kitu kinachochekwa, akangoja, na mwishowe wachekaji wakaja kubisha hodi. Sikuwa nawaza uzuri wa sanamu. Nilikuwa nawaza nyuso za wale watakaobisha.

Sikutarajia kuipata tiki Kisumu. Niliipata Dunga, kando ya ziwa.

Kulikuwa na baa ya nyasi ambayo ziwa lilipanda likaimeza. Maji yaliporudi yalibakisha sakafu ya saruji na magugu maji yaliyooza. Lakini juu kabisa ya kiwanja, mahali maji hayakufika, zilisimama sanamu nne za mvule, kavu, kila moja ikinifika kiunoni. Sikujiuliza zilifikaje huko. Macho yalikuwa kwenye nyuso: vinywa wazi, meno mraba, na pembeni mwa mashavu maua madogo ya kuchonga, ya aina ile unayoiona kwenye majeneza. Na kila kichwa kilikuwa na masikio mawili ya shaba. Hayo nayo yalikuwa mishikio ya jeneza.

Mjane mwenye baa alikuwa anahamia Muhoroni kwa binti yake. Alikuwa mwanamke mfupi, akiinua uso kabisa ili aniangalie.

"Mume wangu alikuwa baharia," aliniambia. "Alileta kikombe kutoka kwa meli, kikombe kina uso. Akapelekea fundi mmoja huko Kombewa, akamwambia nitengenezee hii, lakini kubwa. Sasa huyo fundi hajawahi kutengeneza kitu ingine, ni sanduku za maiti tu. Ona venye alifanya."

"Ni nzuri sana, Mama."

"Si nzuri," akasema. "Lakini wateja walikuwa wanazisalimia."

Akanionea huruma, akaniachia zote nne kwa bei ambayo hata leo naionea aibu. Tulipoanza kuzipakia kwenye mkokoteni, mimi na mwenye mkokoteni tulizikumbatia kama magunia, kwa sababu niliogopa mishikio ingelegea.

"Shika masikio!" mjane akapaza sauti. "Usikumbatie, utaumia mgongo."

Nilimwitikia kwa adabu na nikaendelea kukumbatia. Nilijiambia mwanamke huyu hajui alichokuwa nacho. Naandika sentensi hiyo jinsi nilivyoiwaza, bila kuipunguza.

Ninaishi na mama yangu katika mtaa wa Otonglo. Anauza omena, dagaa wa ziwa letu, sokoni, na nyuma ya nyumba alijenga chumba kimoja cha bati ili omena wake wasinyeshewe. Wakati huo kilikuwa tayari kimejaa vibao vyangu vya kinyozi na mlango wa bucha uliochorwa ng'ombe mwenye nyusi. Magunia ya omena yalikuwa yamesogea jikoni, kisha sebuleni, kisha chini ya kitanda chake. Nyumba nzima ilinuka ziwa. Sanamu zilipoingia, mama alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni sanaa, Mama."

"Sanaa gani inacheka mtu kwa nyumba yake?"

Jioni hiyo jirani yetu, mwenzake wa kanisani, alipita kuchukua kipimo cha omena. Alichungulia chumbani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Yawa! Hiyo mishikio naijua. Juzi tumebeba shemeji nayo. Mama, hapa nani anangoja kubebwa?"

Mama akampimia omena wake. Lakini jirani alipoondoka aliniketisha, na akaongea polepole, kama anavyoongea na mteja aliyemchosha.

"Nyathina, mtoto wangu, mimi sijui sanaa. Najua mvua inakuja na omena yangu iko chini ya kitanda. Lete mtu moja, si rafiki yako, mtu anajua hii kazi. Aangalie. Akisema hii ni mali, aichukue aonyeshe watu, chumba ni yako, mimi nitajenga ingine. Akisema ni takataka, itakuwa kuni ya kukaanga samaki, na wewe ndiye utapasua."

Nilikubali haraka. Nilikuwa na hakika.

Yule mmoja nisiyemdharau alikuwa mwanamke wa Nairobi aliyekuwa akikusanya vitu vya baa na vya barabarani kwa ajili ya maonyesho. Kundini hakuandika sana. Mtu akiweka picha ya kitu kizuri alijibu neno moja, "Endelea," na watu walilitunza neno hilo kama cheti. Nilimtumia picha nane, pamoja na kisa cha mjane kuhusu kikombe na fundi. Akajibu kwa sentensi tatu nzima: amezipenda, hajawahi kuona kitu kama hicho, atakuja baada ya wiki tatu.

Wiki tatu ndizo zilizoniponza. Angekuja kesho yake nisingekuwa na cha kuandika.

Siku ya kwanza nilizifuta vumbi. Siku ya pili niliziangalia. Siku ya tatu nilichukua rula. Masikio hayakuwa sawa. La upande wa kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia kwa vidole vitatu, na kosa hilo lilikuwa katika sanamu zote nne. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini kosa moja lijirudie mara nne, upande uleule, kwa kipimo kilekile. Mimi nilisema fundi alikuwa na jicho bovu. Nikarudi kwenye simu, nikapitia picha mia za tiki, na hakuna hata moja iliyokuwa na masikio ya shaba. Basi nikapata ushahidi. Sanamu zilikuwa na kasoro, na mgeni wangu, mwanamke mwenye jicho kali, angeiona kabla hajavuka kizingiti.

Naungama kwamba niliogopa. Nilijiona nimesimama kando ya vitu vilivyopinda, naye akinitazama mimi, si sanamu, kama kwamba mimi ndiye niliyepinda.

Nikaing'oa mishikio yote minane. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu na mbili zilikatikia ndani. Matundu nikayaziba kwa unga wa mbao na gundi. Nikapiga msasa mzito, kisha mwepesi, kisha mwepesi zaidi, hadi michirizi ya patasi ikapotea na mvule ukawa laini kama sabuni iliyotumika. Nikapaka vanishi mara tano. Mishikio nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita na mkokoteni wake, akaishukuru bahati yake mara mbili. Nilipomaliza, nilikaa sakafuni nikiziangalia sanamu zangu zinavyong'aa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa kile kinachoniwasha kikatulia.

Mama alipoona alisema, "Zimekuwa kama meza."

Nilidhani ananisifu.

Mgeni alifika Jumamosi asubuhi, akiendesha gari mwenyewe, suruali imejaa vumbi la njia. Alimsalimia mama kwa heshima, akakubali chai, akaiacha nusu. Nikafungua mlango wa chumba kama mtu anayefungua jumba la makumbusho. Akaingia. Akageuka huku na huku.

"Ziko wapi?" akauliza.

"Si hizi hapa?"

"Hizi sizo. Nauliza zile za picha."

"Ndizo hizi hizi. Nimezirekebisha."

Alipiga magoti mbele ya sanamu ya kwanza, akapitisha kidole mahali sikio lilipokuwa. Alilipata tundu nililoliziba bila hata kulitafuta.

"Masikio?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri sana, kwa sababu nilikuwa nimejizoeza: rula, vidole vitatu, kwamba tiki halisi haina masikio ya chuma, kwamba nimezirudisha karibu na asili yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza nikaanza kueleza tena.

"Nani alikuambia," akanikatiza, "kwamba nimeendesha gari kutoka Nairobi kutafuta tiki halisi?"

Akainuka, akapangusa magoti.

"Ulikuwa na fundi wa majeneza aliyeonyeshwa kikombe. Sasa una magogo manne yaliyopakwa vanishi. Huyo fundi yuko hai?"

Nilisema sijui. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimekaa na kazi ya mtu huyo kwa zaidi ya wiki tatu, nikaisahihisha, bila kuuliza kama yu hai.

Tukaenda Kombewa kwa gari lake. Njia nzima alisema mambo mawili tu: kwamba barabara imeboreka, na kwamba nifunge mkanda. Tulimpata fundi kwa kuuliza mara moja. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye mikono mirefu, akipiga randa mfuniko wa jeneza chini ya kibanda cha bati kando ya barabara. Mgeni alipomtajia sanamu nne za baa ya Dunga, alicheka hadi akaegemea kazi yake.

"Zile mashetani za baharia! Madam, hiyo kitu niliona haya. Nilimwambia asiseme ni mimi. Watu wangeuliza, huyu sasa anazika nani?"

"Zilikuwa nzuri, Mzee."

"Zilikuwa?" Aliacha kucheka. "Ziwa ilibeba?"

Mgeni akanitazama, akaniachia mimi nijibu. Nikasema hapana, ninazo mimi, ziko salama, isipokuwa nilikuwa nimesahihisha kosa dogo. Neno hilo "kosa" nilimwambia mzee huyo usoni, kazini kwake.

"Kosa gani, kijana?"

"Masikio. La kushoto lilikuwa chini."

Aliiweka randa chini. Alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, taratibu, na nikajua bila kuambiwa kwamba ndivyo anavyowatazama wateja wake.

"Mimi kazi yangu ni kupima watu," akasema. "Baharia alikuwa mrefu kama wewe. Bibi yake, umemwona? Mfupi, hapa. Na walikuwa wawili tu, hawana mfanyakazi. Asubuhi wanatoa sanamu nje, jioni wanaingiza ndani, isikuwe kuni ya mtu. Ziwa ikipanda, wanasogeza juu. Sasa wewe funga mshikio sawasawa. Huyu mrefu akiinua, sanamu inaenda wapi?"

Akainua mkono mmoja juu, mwingine akauacha chini.

"Inalalia mama," akajijibu. "Siku moja, mbili, mgongo wa mama umekwisha. Kwa hivyo niliwaita hapa wote wawili, nikawaambia simameni, achilieni mikono. Nikapima mkono wa bwana mahali unafika. Nikapima mkono wa bibi mahali unafika. Hapo ndipo nilifunga masikio. Wewe ulipima na nini?"

"Rula."

"Ulipima rula, kijana. Hukupima mtu."

Mgeni alikuwa ameshatoa kijitabu na alikuwa anaandika kila neno. Nilimwonea wivu, nikaona aibu ya wivu huo. Aliuliza mishikio ilipo. Nikampigia simu mnunuzi wa vyuma, naye akaniambia kwa furaha kwamba alishaipeleka soko la Kibuye, kwamba kufikia sasa itakuwa imeyeyushwa. Fundi akaingia ndani na kurudi na mishikio mipya, ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu.

"Siku hizi ni hii tu," akasema. "Nikufungie? Lakini nitakupima na nani?"

Nilisema ninaishi na mama. Mgeni akafunga kijitabu.

"Hapana, Mzee, asante. Usijisumbue." Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Sitazichukua. Hata ungeyapata masikio, umeufuta mkono wake wote kwa msasa. Haya aliyosema nitayaandika, lakini siwezi kuweka maelezo ukutani peke yake, bila kitu."

Alinishusha Otonglo, karibu na soko, akageuza gari. Hakushuka kumuaga mama, na hapo nikaona mwanya. Mama hakuwa amesikia chochote. Nikitembea kuelekea kwenye meza yake, nilitunga uongo mzuri kabisa: atarudi mwezi ujao na lori, amezipenda, ameomba zikae mahali pakavu. Niliupanga neno kwa neno. Ulikuwa hauna kasoro hata moja, na nadhani hicho ndicho kilichonichukiza, kwamba nilikuwa nautengeneza kama nilivyozitengeneza sanamu.

Mama alikuwa anafunika omena kwa karatasi ya nailoni. Wingu lilikuwa limesimama upande wa ziwa.

"Amesemaje?"

"Amesema zilikuwa mali," nikajibu. "Mimi ndiye niliyezifanya takataka."

Nilingoja anicheke. Ningeweza kulivumilia hilo, hata nilikuwa nimejiandaa. Alikunja ile nailoni, akampa jirani yake wa meza ya pili kazi ya kumwangalizia biashara.

"Basi twende tuzitoe," akasema. "Mvua haingoji."

Nyumbani, sanamu ya kwanza tulishindwa kuiinua. Hapakuwa na mahali pa kushika. Nilikuwa nimelainisha kila pembe, kila ua, kila mdomo, na vanishi mara tano ilikuwa inateleza kama samaki aliye hai. Mimi ni mrefu, mama ni mfupi. Nikainua upande wangu, na uzito wote ukamwendea yeye.

"Inanilalia, baba. Shusha. Shusha upande yako!"

Nikapiga magoti, tukaisukuma hivyo, mimi kwa magoti, yeye kwa miguu, hadi nje. Tulifanya vivyo hivyo na ya pili na ya tatu. Nikasema kesho nitazipasua ziwe kuni, kama tulivyokubaliana. Akainama, akainusa moja, akakunja uso.

"Kuni gani? Umepaka madawa. Nikaange samaki na hii nani atakula?"

Ya nne ilituponyoka mlangoni. Ilibiringika mara moja na kulala kifudifudi katika udongo, uso wake chini, mgongo juu. Mama alisimama akihema, kisha akaanza kucheka, na kicheko kikamzidi nguvu hadi akatafuta mahali pa kukaa, na palipokuwa karibu ni pale mgongoni mwa sanamu. Akakaa. Akajaribu uzito wake, huku na huku.

"Hii ibaki hapa," akasema. "Nitakaa nikichambua omena."

"Imeinama upande mmoja, Mama. Ngoja nitafute jiwe niiweke sawa."

"Wacha!" akanifokea, mkono wake tayari kwenye goti langu kunizuia. "Imekaa vizuri hivyo. Wewe leta magunia, mvua ndiyo hii."